Kabla Hujaacha Kazi Ukachekeshe

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Mbauda, hapa Arusha, kununua misumari ya bati. Kijana wa dukani akanipimia kilo moja, akatupa jicho kama bosi wake anaona, akachota mkono mmoja wa ziada akaumimina kwenye mfuko wangu. Halafu akaninong'oneza: "Shikamoo mzee. Hii kazi naacha mwisho wa mwezi. Nataka nichekeshe kama wewe."

Akanionyesha simu. Klipu yake moja imetazamwa mara elfu arobaini. Anaigiza fundi ujenzi anayempigia hesabu mteja, kila mteja akikubali bei, fundi anakumbuka kitu kingine kilichosahaulika. Nilicheka kweli, kijana anajua. Nikamuuliza hizo elfu arobaini zimemwingizia shilingi ngapi. Akakuna kichwa, akasema bado mzee, zinakuja.

Sikumjibu siku ile. Wateja walikuwa wamepanga foleni, bosi ameshaanza kutukodolea macho, na misumari ya wizi ilikuwa mkononi mwangu. Namjibu hapa, pamoja na wengine wanaoniuliza jambo hilo hilo kila wiki.

Wanaonifahamu wananiita Mlinzi. Kati ya 2009 na 2014 niliigiza filamu kumi na nne za vichekesho, zile za CD na DVD, na katika kumi na moja nilikuwa mtu yule yule: mlinzi wa usiku, kabuti refu, mzula mpaka kwenye nyusi, rungu, na tochi isiyo na betri. Analala kazini. Akishtuliwa anasimama wima, anapiga saluti upande usio na mtu, anasema: "Niko macho, bosi!" Neno hilo lilitembea kuliko mimi. Makondakta walilisema, walimu walilisema, hata mzee mmoja wa kanisa pale Ngarenaro alilisema madhabahuni ibada ilipochelewa kuanza.

Jambo la kwanza nikuambie, mdogo wangu. Katika kazi hii jina na hela havisafiri gari moja. Jina linapanda basi la alfajiri. Hela inakuja na la mchana, tena siku nyingine linaharibikia Mombo. Kwenye kushuka ndiyo balaa: hela inashuka njiani, jina linaendelea na safari kana kwamba hakuna kilichotokea. Miaka iliyoniumiza si ile ambayo sikuwa na jina. Nilipokuwa sina jina nilikula makande na nikalala vizuri. Iliyoniumiza ni ile ambayo jina lilikuwa mjini, hela imeshashuka.

Nilianzia Moshi, Majengo, kwenye kikundi cha sanaa cha vijana. Mwaka 2003 tulikuwa tunazunguka masoko na shule na maigizo ya kuelimisha kuhusu UKIMWI, posho elfu tano na soda. Mimi nilipewa nafasi za walevi kwa sababu nilikuwa mwembamba na nilijua kuanguka bila kuumia. Baadaye nikahamia Arusha, nikawa saidia fundi, jioni naigiza nikipata pa kuigizia. Mwaka 2009 wakaja watu wa filamu kutoka Dar es Salaam, walitaka picha za Mlima Meru na mashamba ya kahawa upande wa Tengeru. Waigizaji wakubwa walikuja nao. Sisi wa hapa tukapewa vipande vya kufungua geti.

Geti langu lilikuwa hivi: gari linapiga honi, mlinzi amelala, anaamka, anafungua, basi. Sekunde kumi. Nikaingia kwenye kiti nikakoroma. Nilikoroma kwa nguvu zote, kama trekta. Hakuna aliyecheka. Muongozaji akasema tutarudia baadaye, waendelee na mengine. "Baadaye" ikawa saa saba usiku. Ulikuwa mwezi wa sita, na anayeijua Arusha ya mwezi wa sita anajua baridi inavyopanda kutoka kwenye nyayo. Nilikuwa nimeamka tangu saa kumi na moja alfajiri, sijala. Kamera ikawashwa, na safari hii sikuigiza kulala. Nilikuwa napigana nisilale, kwa sababu nikilala kweli wataniacha porini. Kichwa kinaanguka, nakirudisha. Kinaanguka tena, nakishika kwa mkono, mkono nao unalala. Honi ilipopigwa nilisimama nikaupigia saluti mti wa mgrevilea. "Niko macho, bosi!" Hayo maneno hayakuwa yameandikwa popote. Mpiga picha alicheka mpaka kamera ikatikisika, ikabidi turudie mara tatu.

Hapo ndipo nilipojifunza uchekeshaji, na sijajifunza kitu kikubwa kuliko hicho tangu siku ile. Kulala hakuchekeshi. Kinachochekesha ni mtu anayejitahidi kwa moyo wake wote asilale, na bado anashindwa. Mlevi anayeyumba ni wa kawaida, lakini mlevi anayejitahidi kutembea kwenye mstari ulionyooka mbele ya baba mkwe wake, huyo watu watamlipia. Kijana wangu wa misumari, fundi wako anachekesha kwa sababu uso wake uko makini kabisa. Anaamini kweli kwamba alisahau nondo. Siku utakapoanza kumwonyesha mtazamaji kwamba na wewe unajua unachekesha, fundi atakuwa amekufa.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri, sitadanganya. Malipo yangu ya kwanza yalikuwa shilingi 60,000 kwa lile geti. Filamu ya tatu nikapewa 250,000. Mwaka 2012 kuna moja ilinipa milioni moja na nusu, nikamnunulia mama godoro na mbuzi wawili. Tulikuwa tunarekodi filamu nzima kwa siku sita, saba zikizidi, hadithi tunaijua kwa kuambiwa asubuhi. Huo mwaka 2012 ulikuwa wa ajabu kwetu wote: Aprili tukampoteza Kanumba, nyota wa filamu, na Novemba tukampoteza mchekeshaji Sharo Milionea kwa ajali ya gari Muheza, kijana mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza anawaka. Nilikuwa kwenye basi natoka Dar siku chache baadaye, tukafika Segera, inapochepukia barabara ya Muheza. Abiria wote wakanyamaza, halafu wote wakageuka kuniangalia mimi. Sijui walitaka niseme nini.

Sasa tuje kwenye karatasi. Hapa nitakaa kidogo.

Baada ya filamu ya nne kuuza, mnunuzi mmoja alinifuata na mkataba. Ukurasa mmoja, Kiingereza kitupu. Tulikutana nje ya gesti, yeye ana haraka ya kuwahi ndege, mimi nina haraka ya hela. Nilisaini juu ya boneti ya Noah. Boneti lilikuwa na mbonyeo, kalamu ikatoboa karatasi kwenye herufi ya kwanza ya jina langu, akaniambia haina shida. Nilikuwa nimeelewa sehemu ya tarakimu tu: filamu tano, laki nne kila moja. Nikaona nimetoka. Milioni mbili!

Ile sehemu isiyo na tarakimu ilisema kwamba mhusika, mavazi yake, jina lake na maneno anayoyasema ni mali ya mnunuzi, filamuni na kwenye matumizi mengine yote. Niliambiwa hivyo mwaka 2013, kampuni moja ilipotaka Mlinzi kwenye tangazo. Wao walizungumza na mwenye mali. Mwenye mali akanipigia nije nipigwe picha, akanipa laki tatu, akaiita "ya usumbufu". Picha yangu ikawekwa kwenye bango kubwa barabara ya kwenda Sakina, ikakaa miezi minane. Nilikuwa napita chini yake kwenye daladala kila siku, nimebanwa na ndoo ya mtu. Siku moja kondakta akaliangalia bango, akaniangalia, akasema: "Mangi, na wewe unapanda hivi vigari vyetu?" Kisha akadai nauli.

Mama watoto aliponiuliza, "Wamekupa ngapi?" nilimdanganya. Nikasema laki sita. Yeye huuza mtori na supu Sanawari tangu 2010, anaijua sura ya mtu aliyepunjwa hata akitabasamu. Hakusema kitu. Akanipakulia mtori.

Na kabuti? Nililinunua mwenyewe soko la Kilombero, mtumba, shilingi elfu saba. Kwa mujibu wa ile karatasi ni la kwao. Hawakuja kulichukua. Liko nyuma ya mlango wa chumba changu mpaka leo, na sijui kama nalihifadhi au nimeliiba.

Usidhani haya ni ya wajinga wa Majengo peke yao. Mzee Majuto, Amri Athumani wa Tanga, aliyechekesha nchi hii kuanzia babu mpaka mjukuu, alipokuwa mgonjwa mwaka 2018 suala la mikataba yake lilifika wizarani na ikaundwa kamati ya kuipitia. Alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti mwaka ule ule. Kama King Majuto mwenyewe karatasi zake zilihitaji kamati, za kwako wewe zinahitaji angalau mtu mmoja mwenye miwani. Na ng'ambo nako ni hivyo hivyo: usiku mmoja nimekosa usingizi (safari hii kweli), nilisoma kwenye simu habari za Buster Keaton, Mmarekani wa zama za filamu zisizo na sauti, yule asiyecheka kamwe. Alikuwa na studio yake, anabuni vituko vyake, anajiangusha mwenyewe. Mwaka 1928 akakubali kwenda kuajiriwa na kampuni kubwa, MGM. Mshahara mnono, lakini wao ndio waamuzi wa kila kitu. Miaka mitano baadaye walimfukuza, pombe imeshamteka. Baadaye aliinuka tena, akapewa hata tuzo ya heshima ya Oscar, lakini ule uamuzi aliujutia maisha yake yote. Niliposoma hapo nilimwamsha mama watoto nimsimulie. Akasema, "Na yeye alisainia juu ya Noah?"

Kuna sheria hapa kwetu, ya mwaka 1999, inaitwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Watu wanasoma neno la kwanza wanaishia hapo. Hilo la pili, hakishiriki, ndilo letu waigizaji. Linasema kwamba hata kama hadithi si yako na kamera si yako, ule uigizaji wako una haki zake. Ukisaini kwamba umeuza kila kitu, umeuza na hilo. Kwa hiyo unapoletewa karatasi uliza mambo machache kwa Kiswahili na ujibiwe kwa Kiswahili: nauza nini hasa, kwa miaka mingapi, kwa matumizi gani, na wakitaka kunitumia kwenye kitu kingine watanilipa nini? Mwenye nia njema hachukii maswali. Anayekuambia "saini kwanza, mengine tutaongea kama ndugu", mwambie ndugu tutaongea kwanza.

Nirudi kwenye kushuka, maana sehemu ya lawama ni yangu.

Watu wanapenda kusema soko la filamu liliuawa na wachoma CD. Ni kweli, kwa sehemu kubwa. Mwaka 2013 stempu za kodi zilianza kubandikwa kwenye makasha, tukafurahi, lakini pale stendi ulikuwa bado unapata sahani moja yenye filamu ishirini kwa bei ndogo kuliko ya filamu yetu moja halali. Halafu vikaja vibanda vya kuingiziwa muvi kwenye flashi, mia tano unaondoka na mfululizo mzima wa Kikorea. Halafu simu zikamaliza kazi. Yote hayo ni kweli. Lakini Mlinzi alikuwa ameanza kufa kabla yao.

Nilijua siku niliyoangalia filamu ya tisa nyumbani na majirani. Kwenye filamu ya kwanza nilipigana na usingizi. Kwenye ya tisa nilikuwa naanguka na kiti, napiga kelele, natoa macho, saluti tatu tatu, "Niko macho" nimeisema mara kumi na saba. Watoto waliihesabu. Bibi mmoja jirani yetu, ambaye alikuwa ananipenda sana, akasema taratibu: "Baba, siku hizi unapiga kelele." Nilimchukia wiki nzima. Unapandaga mabasi ya Dar? Bado wanaweka Mr. Bean, na bado mtu mzima aliyebeba kuku anacheka. Yule Mwingereza, Rowan Atkinson, alicheza vipindi 15 tu vya Mr. Bean kwenye televisheni, kuanzia 1990 mpaka 1995. Kumi na tano! Mimi nilimchosha Mlinzi kwa filamu kumi na moja kwa sababu kila aliyenipigia alikuwa na laki nne na mimi nilikuwa na ada ya shule.

Kufikia 2015 simu ikanyamaza. Na hapa ndipo nilipoelewa habari ya yale mabasi mawili.

Kadi za michango hazikunyamaza. Jirani anaandikiwa elfu hamsini, mimi naandikiwa laki mbili, "dabo", na mwenyekiti wa kamati ananiambia mbele ya watu, "Wewe ni staa wetu, usituangushe." Mwenye nyumba akapandisha kodi. Nikimwambia sina, anacheka, anadhani ni kichekesho. Ndugu kutoka Moshi wanapiga simu za ada, za hospitali, za pikipiki. Bia ndiyo sikulipia kamwe. Ukifika kwa Mrombo kula nyama choma, meza tatu zinakuletea bia kabla hujakaa, ila mwenye meza anataka "Niko macho" mara mbili kabla ya kufungua. Ukitaka elfu ishirini ya unga, hakuna. Ukitaka bia kumi, zipo. Nilikunywa jina langu kwa karibu miaka miwili. Sitaki kulisimulia zaidi ya hapo. Mama watoto analijua, na mtori wake ndio uliolipa ada.

Nilijaribu kuuza viatu vya mtumba Kilombero. Watu walijaa kwenye meza yangu kuliko meza yoyote, wakapiga picha na mimi, wakanunua viatu kwa jirani. Niliwauliza baadaye kwa nini. Mmoja akaniambia waziwazi: "Tuliona kama unarekodi."

Halafu, nawaombeni msicheke, niliomba kazi ya ulinzi. Kweli kabisa. Kampuni moja ilitangaza nafasi, nina umri unaofaa, afya ninayo, kabuti ninalo. Yule bwana wa ajira alipoinua kichwa akaniona, alifunika mdomo. Akaenda kuita wenzake wa ofisi ya pili. Wakaja sita. Wakapiga picha, wakaniletea soda ya baridi, wakanisifu sana. Nikasema mimi nataka kazi. Yule bwana akafuta machozi ya kicheko akasema, kwa upole tu: "Mzee wangu, nikikuweka kwenye geti la mteja, nani ataamini kwamba uko macho?" Wakasema watanipigia. Soda nilikunywa.

Mwaka 2017 mama yangu alifariki, tukamzika Kibosho, kihambani. Padri amemaliza, tumeshusha jeneza, mimi nimeshika udongo wangu mkononi. Juu ya mparachichi kulikuwa na watoto wamepanda waone vizuri. Mmoja akapaza sauti: "Mlinzi! Uko macho?"

Pakawa kimya kama sekunde mbili. Halafu kule nyuma walikosimama wanaume wenye makoleo, mmoja akaguna kwa kicheko alichokizuia, kikamtoka mwingine, kikasambaa. Hata mashangazi wawili walijifunika kwa khanga na sikujua wanalia au wanacheka. Baba mdogo alinishika kiwiko kwa nguvu, akidhani nitafanya jambo. Sikufanya. Nilimwaga udongo wangu. Nilichokuwa nawaza ni kwamba mama mwenyewe ndiye angecheka kuliko wote, na kwamba tangu asubuhi nilikuwa sijalia, kwa sababu kila nikikunja uso kuna mtu alikuwa anasubiri mwisho wa kichekesho.

Jioni bibi yake akamleta yule mtoto kuomba msamaha, kandambili mguu mmoja. Nilimpa andazi. Nilimuuliza jina, akanitajia, nimelisahau.

Siku tatu baada ya mazishi nilirudi Arusha nikaacha pombe. Sisemi kwamba mtoto wa mparachichi ndiye aliyeniachisha, mambo hayaendi hivyo. Nilikuwa pia nimeishiwa.

Kilichoniinua ni kipaimara cha mtoto wa dada yangu, Moshi, Desemba 2018. Mshereheshaji aliyelipwa hakutokea. Wageni mia mbili, chakula kinapoa, dada anataka kuzimia. Nikapewa kipaza sauti. Mnaijua Desemba ya Kilimanjaro: Wachaga wote wamepanda kwao, watani wetu wanasema tumekwenda kuhesabiwa, kila Jumamosi harusi, kila Jumapili sherehe ya mtoto. Usiku ule nilipata kazi nyingine nne kabla sijaondoka ukumbini. Na nililipwa siku hiyo hiyo, taslimu, kwenye bahasha. Miaka yote ya filamu nilikuwa sijawahi kulipwa siku hiyo hiyo.

Lakini usherehesho si filamu, usidanganyike. Kazi ya kwanza ya mshereheshaji ni saa. Ya pili ni kujua nani anatajwa kabla ya nani. Kuchekesha ni ya tatu. Harusi yangu ya pili, ndafu imeingia, mbuzi mzima amesimama kwenye sinia na majani mdomoni, ngoma juu, watu wamesimama, nikaona huu ndio wakati. Nikamtania baba mkwe: "Mzee, ndafu hii ni ya leo, lakini nasikia mahari ni ya mwakani!" Kumbe kweli haikuwa imeisha. Upande mzima wa bibi harusi ukakaa chini. Nilisahihisha kwa dakika arobaini, nikashindwa. Tangu siku hiyo huwa naketi na mshenga kabla ya sherehe, namuuliza lipi lisiguswe. Anayejua lisiloguswa anachekesha kwa amani.

Machi 2020 mikusanyiko ikasitishwa kwa sababu ya korona na kalenda yangu yote ikafutika kwa wiki moja. Mahoteli ya Arusha yalikuwa matupu, mji ulikuwa na ukimya ambao sijawahi kuusikia. Lakini safari hii sikuanguka sana. Nilikuwa na vitu viwili ambavyo 2015 sikuwa navyo: akiba ya miezi mitano, na aibu iliyokwisha. Niliingia jikoni Sanawari nikamenya ndizi. Wateja wakicheka, nacheka nao, nawauliza supu au mtori. Mpwa wangu akawa ananirekodi kwa simu. Sikumrudisha Mlinzi, si wangu. Nikambuni mtu mwingine, mweka hazina wa kamati ya harusi ambaye kila akisoma hesabu jumla inapungua. Hela ya mtandaoni inayoingia ni ndogo na haina siku maalumu, ila klipu zile ndizo zinazoniletea kazi za ukumbini. Huyo mweka hazina, jina lake na daftari lake, ni mali yangu. Nimeyaandika, na tarehe, kwa Kiswahili.

Basi, mdogo wangu wa misumari. Usiache kazi mwisho wa mwezi. Mchekeshaji Masanja Mkandamizaji, na ukubwa wake wote, amelima mpunga na amehubiri, wala hakuna aliyemwona mdogo kwa hilo. Mwombe bosi akupunguzie Jumamosi. Duka lile ndiyo shule yako, umejifunza pale namna fundi anavyodanganya na namna mteja anavyokubali huku moyo unakataa. Ukiwa nyumbani siku nzima na simu utaigiza nini? Utaigiza mtu aliye nyumbani na simu, na hao tunao wengi. Ukipata nafasi ya kusoma, hata kozi fupi, kuna TaSUBa, ile Taasisi ya Sanaa na Utamaduni pale Bagamoyo. Hela ikianza kuja, gawanya kabla hujaizoea: NSSF wanapokea na sisi tuliojiajiri, bima ya afya usiingoje uumwe. Michango, weka kiwango chako na ukitangaze mapema, utanuniwa mara moja tu. Na tafuta mtu mmoja nyumbani ambaye hakuchekei ovyo. Mimi ninaye, ananiuliza wamekupa ngapi, na sasa namjibu ukweli.

Ile misumari ya ziada nitairudisha. Au nitailipia. Tutaona.

Niliishia hapo jana usiku, nikitaka kuibandika leo. Asubuhi hii kijana amenipigia. Kuna watu wameona klipu ya fundi, wamemfuata, wana karatasi, wanataka awe amesaini kabla ya Ijumaa. Nikamuuliza ina kurasa ngapi. Moja. Lugha gani? Kiingereza, mzee. Mlikutana ofisini kwao? Akanyamaza kidogo, akasema hapana, kwenye gari lao.

Nimemwambia aje nayo kesho pale Sanawari, saa moja asubuhi kabla mtori haujaisha, na kalamu aiache dukani.